Mbinu za zamani za kutambua bakteria wa maji: mbona methaili-redi na Voges-Proskauer zinagongana?

Mpima_Maji

Habari zenu wenzangu wa maabara.

Tunaandaa zoezi la wiki mbili kwa wanafunzi wa stashahada hapa Nairobi. Watachota maji mahali patatu, yaani Mto Nairobi, kisima kirefu cha pampu na mfereji wa jikoni, kisha wayapime kwa mbinu za kati ya 1881 na 1923: jelatini, supu (kioevu cha kuoteshea bakteria) ya laktosi yenye mirija ya Durham (mirija midogo ya kunasa gesi), indoli, methaili-redi (rangi inayoonyesha asidi), Voges-Proskauer (kipimo cha asetoini) na sitrati. Tunataka mwanafunzi aone kwa macho yake jinsi bakteria alivyopewa jina wakati hakuna aliyejua kusoma jeni.

Jaribio la kwanza limetukwamisha mahali patatu. Sahani za jelatini zilizokaa mezani zilikuwa uji siku ya pili, na hatujui kama walioziyeyusha ni bakteria au ni joto la Februari. Testitubu mbili kati ya tano ambazo hazikutiwa sampuli yoyote zina kipovu juu ya mrija wa Durham. Na bakteria mmoja aliyetengwa kutoka maji ya mto, anayetoa gesi kwenye laktosi, amekuwa mwekundu kwa methaili-redi baada ya saa 24, na papo hapo akatoa rangi ya waridi kwenye Voges-Proskauer. Vitabu vinasema akiwa chanya kwa moja huwa hasi kwa nyingine. Je, huyu ni wa aina ya tatu? Na hatua za mbinu hizi zilifuatana vipi, ili tupange zoezi kwa mfuatano huo?

Otoklevu (mtambo wa kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo): paundi 15, dakika 15 kwa kila kitu. Supu ya methaili-redi: peptoni (protini iliyomeng’enywa) na glukosi tu.

Kitanzi_cha_Waya

Mpima_Maji, nianze na hilo la tatu. Huna aina ya tatu hapo. Umesoma methaili-redi mapema mno, na supu yako imepungukiwa na kitu.

Coli (bakteria wa kinyesi) na aerogenes (jamaa yake anayetoa gesi vilevile) wote huanza kwa kula glukosi na kutoa asidi, kwa hiyo siku ya kwanza ukiwatazama wanafanana kama mapacha. Coli huendelea kumwaga asidi mpaka pH inashuka hadi karibu 4.5 au chini yake, na hapo anabaki. Aerogenes hugeuza njia: glukosi nyingi anaifanya asetoini na butanedioli, vitu visivyo na uchachu, na pH inapanda tena hadi 6 na zaidi. Methaili-redi huwa nyekundu chini ya 4.4 na manjano juu ya 6.2. Clark na Lubs waliichagua mwaka 1915 kwa sababu hiyo hasa: mipaka yake inaangukia kati ya mahali wawili hao wanapoishia. Ukisoma baada ya saa 24 unasoma mahali wanapopita, na hapo aerogenes bado ni mwekundu.

Supu yao ilikuwa na peptoni 5 g, glukosi 5 g na dipotasiamu haidrojeni fosfeti 5 g kwa lita moja ya maji. Hiyo fosfeti ndiyo uliyoiacha. Kazi yake ni kuzuia pH isiporomoke ghafla. Ikikosekana, hata aerogenes anaweza kujizamisha kwenye asidi yake mwenyewe kabla hajageuza njia. Weka nyuzi 30 kwa siku 5. Kisha toa ml 5 za supu, tia matone 5 ya rangi (0.1 g ya methaili-redi ndani ya ml 300 za alkoholi ya 95%, halafu maji mpaka ifike ml 500). Nyekundu iliyokolea ni chanya, manjano ni hasi. Ikitoka rangi ya chungwa, usimruhusu mwanafunzi aandike “chanya kidogo”. Arudishe testitubu kwenye inkubeta na asome tena.

Voges na Proskauer walieleza rangi yao ya waridi mwaka 1898, na Harden akaeleza mwaka 1906 inatoka wapi: asetoini, ikiwa kwenye potashi na ikipata hewa, hugeuka daisetili, nayo daisetili hushikana na sehemu ya peptoni, ambayo baadaye ilionekana kuwa viini vya guanidini. Kama mnataka njia ya kale, changanya ml 5 za supu iliyoota na ml 5 za potasiamu haidroksaidi ya 10%, mwache testitubu wazi hadi kesho yake. Waambie wanafunzi watazame juu kabisa ya supu. Waridi huanza pale supu inapogusana na hewa, kama utepe mwembamba, kisha hushuka taratibu. Ukiitikisa unaharakisha kazi lakini unaupoteza utepe huo, na utepe ndio unaomfundisha mtu kwamba oksijeni inahitajika. Njia ya haraka ya alfa-naftoli ni ya Barritt, 1936, kwa hiyo iko nje ya kipindi chenu.

Jambo lingine la kuchunguza: huenda una bakteria wawili ndani ya testitubu moja. Koloni (kirundo cha bakteria walioota pamoja) iliyochotwa kwenye sahani iliyosongamana mara nyingi imekalia nyingine. Chora upya (tandaza bakteria kwa waya) kwenye sahani safi, chota koloni iliyo peke yake, chora tena mara ya pili, kisha piga rangi ya Gram (inayowagawa bakteria makundi mawili) na uangalie kwa hadubini. Ukiona vijiti vya Gram-hasi peke yake, bila spora, endelea.

Nyuzi_121

Nakubaliana na Kitanzi. Mimi nitazungumzia otoklevu, maana vipovu vya Durham vinaanzia huko, na maelekezo mengi yaliandikwa na watu walio usawa wa bahari.

Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kilopaskali 83 au 84, wakati Mombasa ni 101. Geji ya otoklevu huonyesha tu kile kilichozidi hewa ya nje. Kwa hiyo paundi 15 Mombasa ni nyuzi 121, na paundi 15 zile zile hapa kwetu ni karibu nyuzi 118. Kufikia 121 Nairobi unahitaji paundi 17.5 hadi 18. Kwanza soma kibati cha mtambo uone umeruhusiwa kufika shinikizo hilo. Kama haukuruhusiwa, ongeza muda badala ya shinikizo. Na ufuate kipimajoto kuliko geji.

Lakini supu zenye sukari msizipeleke 121 kabisa. Zinatosha nyuzi 115 kwa dakika 10, ambazo hapa ni kama paundi 12 na nusu. Laktosi ikipikwa kupita kiasi huvunjika ikawa glukosi na galaktosi. Utaiona kwa rangi: supu inatoka kahawia kama chai ya rangi. Hapo bakteria asiyeweza kula laktosi anakula glukosi mliyomtengenezea, anatoa gesi, na nyinyi mnamwandika kuwa ni wa kundi la coli. Watu wa miaka ya 1890 walilikwepa hilo kwa kupika kwa mvuke mtupu siku tatu mfululizo, nusu saa kila siku, ili spora zilizopona leo ziote usiku na kufa kesho. Mkiifuata njia hiyo kumbukeni maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95, hivyo ongezeni dakika kumi.

Sasa vipovu. Mrija wa Durham (wa Herbert Durham, 1898) huingizwa kichwa chini ukiwa na hewa ndani. Kwenye otoklevu hewa hiyo inafukuzwa, na mtambo ukipoa supu inapanda na kujaza nafasi. Kipovu hubaki kwa sababu mbili zinazojulikana: aliyepika amefungua mvuke kwa pupa na supu ikachemka, au supu imekaa kwenye friji. Hii ya pili ndiyo huwapita wengi. Supu baridi hushika hewa nyingi iliyoyeyuka, ukiipeleka nyuzi 37 hewa inatoka na kukusanyika juu ya mrija kama gesi ya uchachukaji. Dawa yake ni kuacha geji ishuke yenyewe hadi sifuri, kisha kuziweka testitubu zote nyuzi 37 usiku mzima kabla ya kutia sampuli. Kesho yake tupa yoyote yenye kipovu, hata kiwe kidogo kama kichwa cha pini.

Kuhusu jelatini, ningeiacha. Tumieni agari, iliyoingia maabara ya Robert Koch, mtaalamu wa bakteria wa Ujerumani, miaka ya mwanzo ya 1880 kwa ushauri wa Fanny Hesse. Agari haiyeyuki mpaka ipite nyuzi 85 na haigandi tena mpaka ishuke karibu 40. Jelatini ya 10% inaanza kulegea kwenye 24 na ifikapo 28 ni maji. Februari Nairobi, mchana, meza ya maabara yenye dirisha la jua inafika huko.

Karani_wa_Sampuli

Nyuzi_121, hesabu zako za otoklevu nitazibandika ukutani. Kwenye jelatini tunatofautiana.

Koch alipoonyesha sahani zake London mwaka 1881, jelatini ndiyo iliyompa kila bakteria mahali pake pa kuota peke yake, na kuyeyusha au kutoyeyusha jelatini ikawa moja ya alama za kwanza za kuwagawa. Alama hiyo bado ina kazi katika zoezi hili. Bakteria aitwaye Bacillus cloacae hutoa majibu karibu yale yale ya aerogenes kwenye methaili-redi, Voges-Proskauer na sitrati. Kinachomfichua ni kwamba huyeyusha jelatini, ingawa polepole. Coli haiyeyushi. Ukiiondoa jelatini umeondoa jicho moja.

Mpima_Maji, kujua kama ni joto au ni bakteria ni rahisi. Ingiza sahani kwenye friji dakika 20. Jelatini iliyolainishwa na joto itaganda tena, ile iliyomeng’enywa na bakteria haigandi kamwe. Weka pia sahani moja isiyo na sampuli kando ya nyingine kila siku. Na ukiwahi kabla sahani nzima haijaharibika, macho yatakuambia: bakteria anayeyeyusha huchimba kishimo cha duara chenye kuta safi, na koloni yenyewe inaelea katikati ya kishimo kama jani bwawani. Joto halichimbi vishimo; ukiinamisha sahani uso wote unateleza pamoja. Ongezeni jelatini hadi 15%, msiipike zaidi ya inavyohitajika kwa sababu kupikwa sana kunaiua nguvu ya kuganda, na iwekeni ndani ya sanduku la kuhifadhi baridi lenye chupa ya barafu na kipimajoto, nyuzi 20 hadi 22. Au zoezi lifanyike Juni na Julai, ambapo meza yenyewe ni friji.

Swali lako la hatua zilifuatana vipi halijajibiwa bado. Ilibidi watu waache kwanza kumtafuta mwenye makosa. Eberth alimwona bakteria wa homa ya matumbo mwaka 1880 na Gaffky akamwotesha mwaka 1884, lakini ndani ya maji huwa wachache, hufa upesi, na kwenye sahani wanafunikwa na coli wanaofanana nao. Escherich alikuwa amemweleza coli mwaka 1885 kutoka kinyesi cha watoto wachanga. Theobald Smith, Marekani, miaka ya 1890, akachukua njia nyingine: mtafute coli mwenyewe, kwa gesi anayotoa kwenye sukari, na umfanye shahidi wa kinyesi. Dalili ya mvua ni mawingu. Tangu hapo uainishaji ukahama kutoka sura ya koloni kwenda kwenye kile bakteria anachokila na anachokitoa, na mpangilio wa zoezi lenu ungefuata njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo anzeni na kuhesabu: ml 1 ya maji, au 0.1 kwa maji ya mto, ndani ya ml 10 za jelatini iliyoyeyushwa na kupozwa hadi 35 hivi. Baada ya kipindupindu cha Hamburg cha 1892 kipimo kilichofuatwa kwa maji yaliyochujwa kilikuwa koloni 100 kwa ml. Idadi hiyo inasema chujio linafanya kazi au halifanyi. Haisemi kama kuna kinyesi. Halafu supu ya MacConkey: peptoni 20 g, chumvi ya nyongo 5 g, laktosi 10 g na rangi ya kuonyesha asidi, kwa lita. Chumvi ya nyongo inawazuia wengi wasio wa utumbo. Testitubu tano zenye ml 10 za supu ya nguvu maradufu hutiwa ml 10 za maji kila moja, tano za supu ya kawaida hutiwa ml 1, na tano ml 0.1. Supu ya maradufu ni lazima kwa zile za kwanza, la sivyo maji ya sampuli yanaizimua na chumvi ya nyongo inakosa nguvu.

Kusoma: mkipata chanya 5, 2 na 0, jedwali la kukadiria idadi ya bakteria linatoa kama 49 kwa ml 100. Msingi wa hesabu hiyo ni wa McCrady, 1915. Wanafunzi wanaweza kuihakiki kwa fomula fupi iliyokuja baadaye: idadi ya chanya mara 100, gawanya kwa kipeuo cha pili cha (ml zilizo kwenye hasi mara ml zote). Hapa ni 700 kugawanya kwa kipeuo cha 3.5 mara 55.5, yaani kama 50. Kwa maji ya mto, testitubu zote 15 zikiwa chanya hamjapata namba yoyote. Zimueni mara mia au elfu na mrudie.

Gesi ya hapo ni dhana tu. Clostridium welchii, mwenye spora, hutoa gesi nyingi kwenye laktosi na hustahimili klorini, kwa hiyo maji ya mfereji ndiyo yanayoweza kuwadanganya zaidi. Chora kutoka kila testitubu yenye gesi kwenye agari ya laktosi na uchote koloni. Welchii hataota kwenye sahani iliyo wazi kwa hewa. Na chupa za maji ya mfereji ziwe na thayosalfeti ya sodiamu, ml 0.1 ya myeyusho wa 1.8% kwa kila ml 100, itiwe kabla ya kupika chupa. Bila hiyo klorini inaendelea kuua njiani na mnapima safari badala ya maji.

Baada ya koloni safi ndipo vinakuja vipimo vya Kitanzi. Mkitaka kuonyesha jinsi uainishaji ulivyokuwa kabla ya methaili-redi, ongezeni testitubu mbili za gharama ndogo: sukrosi na dulsitoli. Kufikia 1909 MacConkey aliwagawa walaji laktosi kwa sukari hizo mbili. Asiyekula yoyote ni acidi lactici, anayekula dulsitoli pekee ni coli communis, anayekula zote mbili ni neapolitanus, anayekula sukrosi pekee ni lactis aerogenes. Wekeni matokeo hayo kando ya yale ya methaili-redi. Mistari miwili ya mgawanyo haipiti mahali pamoja, na darasa litauliza lenyewe upi ni wa kweli.

Mpima_Maji

Asanteni sana. Tumeweka sahani kwenye friji: moja tu kati ya nne haikuganda, kwa hiyo joto lilikuwa na hatia kubwa. Supu ya fosfeti imeanza leo.

Mawili yamebaki. Supu ya sitrati ya Koser imeingia ukungu kwenye testitubu zote, hata ya coli tunayemjua. Na indoli ya coli huyo huyo imetoka hasi. Tulitumia supu ile ile ya glukosi ili kuokoa muda.

Kitanzi_cha_Waya

La indoli umelijibu mwenyewe kwenye sentensi ya mwisho. Indoli inatoka kwa triptofani, na bakteria mwenye glukosi mbele yake haigusi triptofani. Tumia maji ya peptoni ya 1% bila sukari yoyote, nyuzi 37, saa 24 hadi 48. Njia ya kale ni ml 1 ya nitraiti ya potasiamu ya 0.02% ndani ya ml 10 za supu, kisha matone machache ya asidi kali ya salfuriki yateremshwe kwenye ukuta wa testitubu. Waridi inatokea pale tabaka mbili zinapokutana. Miwani ya usalama, na testitubu isielekezwe kwa mtu. Ujaribu pia peptoni yenyewe kwa coli unayemjua kila ukifungua mkebe mpya, kwa sababu peptoni nyingine zina triptofani kidogo sana.

La sitrati ni kitanzi chako cha waya cha kuchotea bakteria. Koser mwaka 1923 alitaka sitrati iwe chanzo pekee cha kaboni, na kitanzi kimoja kilichojaa kutoka supu ya peptoni kinabeba chakula cha kutosha kumwotesha coli hadi ukungu uonekane. Tumia sindano iliyonyooka, gusa koloni ya agari kwa ncha tu, uchovye mara moja. Ukiwa na shaka, chukua sindano moja kutoka kwenye testitubu yenye ukungu uitie kwenye sitrati mpya. Coli atakwama hapo, kwa sababu akiba imekwisha. Aerogenes ataendelea kuifanya supu iwe nyeupe kila ukimhamisha. Soma siku ya 3 na ya 4. Testitubu zisuuzwe mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, kwani mabaki ya sabuni na nyuzi za pamba nayo ni kaboni.

Nyuzi_121

Kama kuna nafasi ya kipimo kimoja zaidi, wekeni cha Eijkman cha 1904: supu ya glukosi, mrija wa Durham, nyuzi 46. Coli wa wanyama wenye damu moto hutoa gesi, wengi wa udongoni hawatoi. Itumie beseni ya maji yenye kipimajoto ndani, maji yakiwa juu kuliko supu ndani ya testitubu. Inkubeta ya hewa hutofautiana nyuzi mbili kati ya rafu ya juu na ya chini, na hapa nyuzi moja kupita kiasi inamnyamazisha hata coli halisi. Pasheni supu moto hadi 46 kabla ya kutia bakteria.

Karani_wa_Sampuli

Na kwa maji ya mto: pipeti ziwe na mpira wa kuvutia, hakuna kuvuta kwa mdomo kama walivyofanya watu wa enzi hiyo. Kila testitubu iliyoota irudi kwenye otoklevu kwa paundi zile 17.5, dakika 30, kabla haijaenda kwenye sinki.